Pepo, kifafa, skizofrenia au nafsi iliyogawanyika: familia ianzie wapi?

Daftari la madeni ndilo lililotufumbua macho. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kama wauza sambaza wote anakopesha. Jioni moja niliketi naye tuhesabu nani amelipa na nani bado. Ukurasa mmoja ulikuwa na mwandiko wake ninaoujua, herufi ndogo zilizolala upande. Uliofuata ulikuwa na herufi kubwa zilizosimama wima kama za mtoto wa darasa la tatu, na majina ya wateja ambao aliapa hawajui. Akaniuliza, "Yaya, nani anaandika mu daftari yangu?" Daftari lenyewe halikuwa likitoka kwenye mkoba wake.

Kufikia jioni hiyo alikuwa ameshapewa majina matatu. Mama mkubwa alisema pepo. Jirani, ambaye kaka yake huanguka, alisema kifafa. Kwenye kituo cha kwanza tulichokwenda waliandika skizofrenia wakamchoma sindano. Jina la nne lilichukua karibu mwaka kufika. Mwanasaikolojia aliliandika kwa herufi tatu, TDI, kifupi cha Kifaransa cha trouble dissociatif de l'identité, kisha akatufafanulia kwa Kiswahili: nafsi yake iligawanyika angali mtoto.

Naiandikia familia iliyoko pale tulipokuwa sisi. Mtu wenu anabadilika, kila anayepita ukumbini ana jina lake la ugonjwa, na pesa ya kujaribu yote haipo. Mimi si daktari. Ninafanya kazi katika nyumba ya kusikiliza, ambamo walioumizwa huja kusikilizwa, na nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha ya hospitali kujua maswali ambayo ningetaka mtu atuulize mapema.

## Majina yenyewe

Nianze na skizofrenia kwa sababu ndiyo inayochanganywa zaidi. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Yeye alikuwa akisema juu ya mawazo, hisia na matendo ya mtu kuachana njia. Watu wakasikia "watu wawili ndani ya mmoja," na kosa hilo bado linatembea hadi leo. Mwenye skizofrenia ni mtu mmoja. Kilichoyumba ni uhakika wake juu ya dunia: anasikia asichosikia mwingine, anaamini jirani amemwekea waya ukutani, maneno yake yanaruka bila daraja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata mtu mmoja kati ya 300 hivi.

Nafsi iliyogawanyika inaanzia kwingine. Mtoto hazaliwi na "mimi" iliyokamilika, inajengwa polepole. Sasa mtoto anayeumizwa tena na tena, hasa na mkono ule ule unaomlisha, hawezi kukimbia wala kupigana. Akili yake inafanya lile moja inaloliweza, inayaweka mbali yaliyompata, kama kwenye vyumba tofauti. Anayekwenda shule asubuhi hajui yaliyompata wa usiku, na kwa kutojua huko anaweza kusoma, kucheza, kula. Akikua, vyumba vinabaki na kuta zake, kila kimoja na kumbukumbu zake, umri wake, hata mwandiko wake.

Mfaransa Pierre Janet alikuwa akieleza akili inayojitenga namna hii tangu mwaka 1889. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliuingiza ugonjwa huu mwaka 1980 kwa jina la nafsi nyingi, kisha mwaka 1994 ukabadilisha jina kwa sababu ya maana: mgonjwa hana watu wengi ndani yake, amekosa kuwa mmoja mzima. Si adimu kama watu wanavyofikiri. Mwongozo huo unanukuu utafiti mdogo wa Marekani uliokuta watu wazima 15 katika kila 1,000.

Kiwewe, ambacho hapa Kivu tunakiita tu trauma, kila mtu anakijua kwa jina. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, basi, na watu kama milioni 50 duniani wanaishi nacho.

## Jana ilikwendaje?

Ningeruhusiwa swali moja tu mlangoni, nisingeuliza juu ya sauti wala juu ya kuanguka. Ningeuliza: jana ilikwendaje? Asubuhi ulifanya nini, mchana ulikuwa wapi, nani alikuja? Kisha nanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Mwenye nafsi iliyogawanyika ana mapengo. Hayaletwi na pombe wala homa. Anajikuta Nguba, mtaa mwingine wa Bukavu, na hajui alipanda moto gani (hapa kwetu moto ni pikipiki ya abiria). Anakuta kitenge kipya sandukuni. Anasalimiwa kwa furaha na mwanamke asiyemjua, naye anamwita kwa jina jingine. Mapengo mengine ni ya zamani: muulize kuhusu miaka ya shule ya msingi, unapata ukuta mweupe. Na jambo lililotupotezea muda mwingi ni kwamba mtu huyu amezoea kufunika. Tangu utotoni anaitwa mwongo kwa kukana mambo ambayo wote walimwona akiyafanya, basi amejifunza kucheka na kusema "ndiyo, ndiyo, nakumbuka." Mdogo wangu alifanya hivyo mbele ya madaktari wawili. Nao wakaandika kwamba kumbukumbu zake ni nzima.

Mweke kando ya mwenye skizofrenia. Huyu mara nyingi anakumbuka vizuri kwamba alitoka usiku akavunja redio ya jirani. Atakueleza hata sababu: redio ilikuwa ikitangaza jina lake. Tukio lipo kichwani, maelezo ndiyo yamepinda. Mwenye bipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda mno kisha kushuka mno, naye anakumbuka, na hiyo ndiyo aibu yake: wiki mbili hakulala, aliuza mabati ya nyumba akanunua vipaza sauti, sasa ameketi chini anajua kila alichofanya. Hali yake inabadilika kwa siku na majuma. Nafsi iliyogawanyika inaweza kubadilika kati ya kumwaga chai na kuinywa.

Kwa kifafa pengo ni fupi, sekunde au dakika, na baada yake mtu anachoka, anachanganyikiwa, analala. Kipo kifafa kisichoangusha: mtu anakodoa macho, anatafunatafuna bila chakula, anavutavuta vifungo vya shati, halafu anarudi. Hicho kinaweza kudanganya. Lakini mtu hawezi kuuza samaki saa tatu, kurudisha chenji sawasawa na kuandika madeni akiwa ndani ya kifafa cha namna hiyo.

Kiwewe kina tabu ya upande wa pili, kumbukumbu inayozidi. Mlango ukigongwa kwa nguvu mama anarudi msituni siku ile ile, anaona, ananusa, anatetemeka. Anaweza kukosa kipande cha tukio lenyewe, lakini Jumanne yake ya wiki iliyopita anayo. Ipo na aina ya kiwewe tata, inayotokana na mateso ya muda mrefu, ambapo mtu anajiona takataka, hawezi kutuliza hasira, hawezi kumwamini hata anayempenda. Hiyo ni jirani wa karibu sana wa nafsi iliyogawanyika, na wengi wana zote mbili. Ukishindwa kuzitenganisha usijilaumu, wataalamu wenyewe wanachukua miezi.

Jambo moja nalipitia haraka kwa sababu halihitaji maneno. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo anaweweseka na mwili ni moto, huyo ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo vikatae. Hospitali, sasa hivi. Maswali yangu yote yasubiri.

## Sauti, na shingo iliyopinda

"Ninasikia sauti." Useme maneno hayo mawili kwenye vituo vyetu vingi na umeshaandikiwa haloperidoli, dawa ya skizofrenia. Simlaumu muuguzi. Ana wagonjwa 40 nje na dawa tatu kabatini. Lakini sauti peke yake haitoshi kuamua.

Sauti za skizofrenia kwa kawaida zinaanza ujanani, kati ya miaka kumi na kitu na thelathini hivi, na haziji peke yake. Zinakuja na imani isiyotikisika, na maneno yasiyofuatana, na kijana aliyekuwa msafi ameacha kuoga, hataki watu, uso hauonyeshi kitu. Mara nyingi anazisikia kutoka nje, dirishani, juu ya paa.

Mwenye nafsi iliyogawanyika, ukimpa muda na usalama, atakwambia zilikuwapo tangu utoto. Ziko ndani ya kichwa. Zina umri: mmoja analia kama mtoto, mmoja anatukana kwa maneno ya mtu mzima wa zamani, mwingine anatoa amri kwa sauti ya baridi. Zinabishana juu yake yeye akisikiliza. Na baada ya kukuambia hayo yote anakuuliza, kwa akili timamu kabisa, kama bei ya mafuta ya mawese imepanda tena. Ndani na nje si mpaka wa chuma, nimekutana na mchanganyiko, lakini sauti za tangu utoto pamoja na mapengo ya kumbukumbu ni jozi ya kutilia maanani.

Sasa sindano yetu. Usiku wa pili baada ya haloperidoli shingo ya mdogo wangu ilipinda upande, taya likakaza, macho yakageuka juu yakabaki huko. Nyumba ilijaa watu. Mama mkubwa alisema pepo amekasirika kwa kuchomwa, na kwa kweli hata mimi, usiku ule, niliamini nusu. Ilikuwa ni madhara ya dawa, yanayojulikana, yaliyoandikwa vitabuni, yenye dawa yake ya kuyaondoa kwa muda mfupi. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Kwa hiyo ukichomewa mtu wako sindano ya namna hiyo, uliza kabla hamjatoka: shingo ikikaza tufanye nini, turudi saa ngapi, kwa nani?

Kwa skizofrenia dawa hizo ndizo nguzo, na kuziacha kwa sababu ya hadithi yangu kungekuwa kosa kubwa. Kwa nafsi iliyogawanyika hakuna kidonge kinachounganisha nafsi. Dawa zinaweza kusaidia usingizi, huzuni, hofu. Ukimwona mtu amekunywa za skizofrenia mwaka mzima, kwa uaminifu, na mapengo na sauti zake ziko pale pale, hapo una haki ya kuomba jina liangaliwe upya.

## Namna ya kuanguka

Jirani yetu hakuwa mjinga. Mdogo wangu alikuwa anaanguka kweli, anatikisika. Ila kuna kuanguka kwa aina mbili, na simu iliyo mfukoni mwako ni kipimo kizuri kuliko maelezo ya watu kumi. Mrekodi. Daktari ataangalia hivi: macho yamefunguka au yamefumbwa? Kwenye kifafa kikubwa kwa kawaida yamefunguka, mwili unakaza kisha unaruka kwa mpigo mmoja, ulimi unaumwa pembeni, na baada ya dakika moja au mbili kimekwisha, mtu anakoroma. Kwenye kuanguka kunakotokana na akili kujitenga macho mara nyingi yamefumbwa kwa nguvu, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, kinapungua kinaongezeka, dakika kumi, ishirini, na mtu anaweza kuzinduka akilia. Mashine ya kupima umeme wa ubongo, ikipatikana wakati wa tukio lenyewe, haionyeshi dhoruba ya kifafa.

Haigizi. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu mhudumu mmoja alimfinya mdogo wangu na kumwambia "acha mchezo." Mwili wake unafanya hivyo bila ruhusa yake. Isitoshe wapo watu wenye yote mawili, kwa hiyo mtu anayekunywa fenobabito, dawa ya kifafa, asiiache ghafla kwa kuwa umesoma makala yangu. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Na kijiko, tafadhali, kibaki jikoni, kisiende mdomoni mwake. Mlaze upande, ondoa mawe, hesabu dakika, zikipita tano mkimbize hospitali.

## Pepo

Hapa ndipo wasomaji wangu watagawanyika, na sioni haja ya kumpokonya mtu imani yake. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Ninachouliza ni swali la vitendo: anakuja akiitwa, anaondoka sherehe ikiisha?

Wazee wa Bushi, nchi ya Washi inayoizunguka Bukavu, waliijua ibada ya Lyangombe. Aliyeingizwa humo alichukua jina la roho, akasema kwa kinywa chake, watu wakamheshimu kwa muda ule, kisha sherehe ikaisha naye akarudi kuwa baba fulani mwenye shamba la ndizi. Mama anayenena kwa lugha Jumapili halafu anarudi nyumbani kutwanga sombe hana ugonjwa. Hata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inasema hivyo: kupagawa kunahesabiwa ugonjwa pale tu kunapomjia mtu bila hiari, nje ya desturi na ibada zinazokubalika kwao, na kunamtesa au kumharibia maisha.

Orodha hiyo inaweka kupagawa na nafsi iliyogawanyika kwenye vyumba viwili tofauti. Katika kupagawa, anayetawala anaonekana ametoka nje: roho, marehemu, jini. Katika nafsi iliyogawanyika wanaotokea wanaonekana ni wa ndani yake mwenyewe. Wamarekani katika mwongozo wao wa mwaka 2013 wameviweka katika chumba kimoja, wakisema kwamba mahali pengine duniani nafsi iliyogawanyika inavaa nguo za pepo. Nikiangalia watu niliowasindikiza, mimi niko karibu na Wamarekani kwa hili. Akili inavaa nguo inazozikuta nyumbani. Utafiti uliofanywa upande wa Mbarara, Uganda, ulikuta kwamba waliopagawa walikuwa wamepitia matukio mabaya zaidi kuliko majirani zao wasiopagawa. Nguo ya pepo, jeraha la mtu.

Na kumbuka, wengi hawabadiliki waziwazi kama kwenye sinema. Anatazama pembeni kidogo, sauti inashuka, anashika kikombe kwa mkono mwingine. Mara nyingi mtu wa kwanza kugundua ni mtoto wa nyumba: "Mama leo si mama."

## Kwenda wapi, kwa utaratibu gani

Chumba cha maombi kina mambo ambayo hospitali haina, na ni upofu kuyakana. Kiko karibu, kinafunguliwa usiku, hakikuulizi karatasi, na wamama wa pale watakesha na mgonjwa wako. Ubaya unaanza pale maombi yanapogeuka kumfukuza "mwingine." Fikiria: anayesema kwa sauti ya kitoto ni kipande cha mdogo wangu kilichobeba yaliyompata akiwa na miaka sita. Watu wazima ishirini wanamzunguka wanampigia kelele atoke. Yeye anasikia nini? Anasikia yale yale ya zamani. Baada ya maombi ya ukombozi ya siku tatu alitulia majuma mawili, tukatoa ushuhuda, kisha akarudi na mapengo marefu zaidi. Kwa mwenye kifafa hatari ni nyingine, kufunga chakula na kuacha vidonge. Na kwa mtoto, mara nyingine neno pepo linateleza likawa neno mchawi, na hapo sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza wazi kumshtaki mtoto kwa uchawi.

Tuliafikiana na mchungaji wetu mambo manne: hakuna kamba, hakuna fimbo, hakuna kufunga kwa anayekunywa dawa, na ukiomba, mwombee mtu mzima bila kuzungumza na "mwingine" wala kumfukuza. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Mchungaji akikataa hata moja, badilisha chumba cha maombi.

Muganga wa kienyeji (hapa kwetu muganga peke yake anaweza kuwa daktari wa koti jeupe, kwa hiyo sema la kienyeji wazi) sina mengi ya kusema juu yake. Baadhi ni wasikilizaji wazuri ajabu. Mitishamba ya kunywewa pamoja na vidonge vya kifafa, hapana.

Hospitali ya akili ndiyo chaguo la kwanza pale mtu hali chakula, halali usingizi, anatishia wengine, au dalili ni za skizofrenia au bipola. Bukavu tuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Dokta Joseph Guislain, vyote vitatu vikihusishwa na Mabruda wa Upendo, wale wanaojulikana kwa Kifaransa kama Frères de la Charité. Kwa hali ya barabara na usalama ya miaka hii, piga simu au tuma mtu kabla ya kumpandisha mgonjwa moto. Waliobakwa, kwa Bukavu, hospitali ya Panzi ina wanasaikolojia ndani ya hospitali hiyo hiyo inayotibu mwili, na kwa mtu wa namna hiyo kusimulia mara moja mahali pamoja kuna thamani kubwa.

Mwanasaikolojia ndiye ninayemweka mbele kwa nafsi iliyogawanyika, kwa sharti moja. Wapo madaktari wa akili wenye heshima wanaoutilia shaka ugonjwa huu, wanaosema matabibu wenyewe huwatia wagonjwa mawazo. Shaka hiyo ina faida yake. Mtu atakayekuuliza siku ya kwanza "mko wangapi humo?" na kuanza kuwapa majina, mkimbie. Tabibu mzuri anaanza na mambo yanayochosha kusimulia: unalala wapi, nani ana ufunguo, yule aliyekuumiza bado anaingia nyumbani? Kazi yenyewe ina hatua tatu ambazo wazo lake linarudi hadi kwa Janet: kwanza usalama na utulivu, kisha kuyagusa yaliyopita kidogo kidogo, mwishoni vipande kuanza kuishi kama nyumba moja. Hatua ya kwanza peke yake ilituchukua miezi minane. Miaka si ajabu.

Kwa kiwewe cha kawaida habari ni nyepesi zaidi, na ni habari ya hapa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuata wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono katika vijiji 15 vya Kivu zote mbili. Vikundi viliongozwa na wahudumu wa kawaida wa eneo, si madaktari. Miezi sita baadaye, kati ya waliopata tiba ya kikundi asilimia 9 tu ndio waliobaki na dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa, na kati ya waliopata msaada wa mmoja mmoja tu ilikuwa asilimia 42. Kwa hiyo kikundi cha mtaa kisidharauliwe. Kwa nafsi iliyogawanyika peke yake hakitoshi, na kikienda haraka kinaweza kufungua chumba ambacho mtu hayuko tayari kuingia.

Tukiwa na pesa ya safari mbili tu, ningezitumia hivi: ya kwanza hospitali ya kawaida kwa malaria, sukari, mimba na kifafa, nikiwa na video kwenye simu. Ya pili kwa mwanasaikolojia, nikiwa na daftari nililoandika mwezi mzima: siku, saa, kilichotangulia, alichokumbuka. Mpangilio huo unavunjwa na jambo moja tu. Akitaja kufa, hata kwa mzaha, hata kama ni "yule mwingine" aliyesema, asiachwe peke yake, ficha dawa na visu, nenda siku hiyo hiyo. Mwongozo wa Marekani unasema zaidi ya asilimia 70 ya wenye nafsi iliyogawanyika wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua.

Gharama sitaziandika kwa sababu zinabadilika. Ila hesabu na zile zisizoonekana. Chumba cha maombi cha bure kilitugharimu jenereta, sadaka ya shukrani na majuma sita ya kutokwenda sokoni.

Mdogo wangu bado anauza Kadutu. Mapengo yamepungua, hayajaisha. Mwanasaikolojia ndiye aliyemwambia asichane kurasa za mwandiko ule mkubwa, awe anaacha ukurasa mmoja mweupe kila jioni, aone. Wiki za kwanza ulibaki mweupe. Juzi alinionyesha. Yeye alikuwa ameandika kwa herufi zake zilizolala: "Ile deni ya mama wa Essence iko namna gani?" Chini yake, kwa herufi kubwa zilizosimama wima: "Alilipa. Usimuombe tena."